Alama Kitakoni mwa Gunia

Katikati kuna nini?

Sista aliniuliza hivyo asubuhi moja ya ukungu. Alikuwa amechora duara kwenye kibao changu kwa chaki, duara tupu, kisha akakisukuma kibao mbele yangu, kama mtu aliyekwisha kutega mtego na sasa anangoja. Nililitazama lile duara. Nilitaka kumwuliza kwa nini ni duara na si mraba, na kwa nini kitu kianzie katikati wakati maandishi yote aliyotufundisha huanzia pembeni. Nilikuwa mtoto wa maswali. Mama alizoea kusema kwamba nikiambiwa mvua inanyesha, natoka nje kwanza kuhakikisha.

Misheni yetu ilikuwa juu mlimani, upande wa Uluguru unaotazama mji wa Morogoro. Ulikuwa wakati wa Wadachi. Reli ilikuwa imefika mjini, na kahawa ya misheni, ambayo zamani wapagazi waliichukua kwa miguu hadi pwani, sasa iliishia stesheni. Huko ndiko taabu ilikoanzia. Kwenye mteremko, chini yetu, palikuwa na shamba la mzungu mmoja ambaye naye alilima kahawa. Magunia yake yalikuwa kama yetu, kamba zake kama zetu, na msimu uliotangulia mizigo ilichanganyika pale jukwaani hata hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Padre mkuu akasema misheni iwe na alama yake. Haikufaa iwe herufi, kwa sababu wabebaji wa stesheni hawakusoma. Iwe picha. Sista alikuwa amefundishwa kuchora kwao kabla ya kuvaa shela, kwa hiyo akapewa kazi hiyo, naye akaamua kuifanya iwe somo langu.

Sababu ya kunichagua naijua. Nilichora kila mahali, kwa mkaa ukutani, kwa kijiti vumbini, na mara moja kwenye kitambaa cha altare, jambo lililonipatia adhabu. Sista aliniambia kwamba kwenye shule ya masista kule pwani kuna mashine ya kupigia chapa, na kwamba picha zinatoka humo zikifanana kama punje za mtama. Sikusadiki. Lakini tangu aliponiambia, sikutaka kitu kingine duniani ila kuiona mashine hiyo, hata kama ni kwa ajili ya kugundua kwamba alinidanganya.

Tatizo lilikuwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yangu hakuwa baba bali kaka yake mama. Nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo. Tulikuwa watu wa misa kila Jumapili, lakini misa haikufuta desturi: nilipaswa kuwekwa ndani, niwe mwali, nisionwe na watu mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mjomba alikuwa amenivumilia kwa ajili ya masomo. Sasa uvumilivu ulikuwa umefika mwisho, na siku moja akapanda hadi kwenye baraza ya Padre, akakaa, akakataa maji, akasema alilokuja kusema.

"Padre, mimi sikatai kuchora. Ninachokataa ni kungojea kitu nisichokiona. Magunia yakifika stesheni na yakajulikana kuwa ni yenu kwa mchoro wa huyu mtoto, mpelekeni pwani. Yasipojulikana, anarudi kwa mama yake, na msije kwetu kubisha hodi."

Padre akakubali. Wakapeana mikono juu yangu kama watu walionunua mbuzi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na hakuna aliyeniuliza.

Basi ndiyo maana lile duara lilinitisha. Sista alieleza: unaweka katikati jambo unalotaka kulijua. Kisha unavuta mistari kutoka kwake, na mwisho wa kila mstari unachora au unaandika kitu kinachogusana nalo. Halafu kila kimoja nacho unakivutia mistari yake. Alikuwa na jina la mchoro huo kwa lugha yao, refu kama kamba ya kisima. Sisi wasichana tuliuita utando, kwa sababu ulifanana na nyumba ya buibui, na kwa sababu aliyeingia humo hakutoka.

Siku ya kwanza niliweka gunia katikati. Nikavuta mistari: kahawa, kamba, kichwa cha mpagazi, mvua, panya. Kutoka kwenye kahawa nikavuta mvua tena. Nikasita. Mvua ilikuwa imekwisha kuandikwa upande wa pili. Je, ni mvua ile ile au ni nyingine? Sista akasema niziunganishe. Nilipoziunganisha, mstari ulipita juu ya panya. Panya naye akaunganika na kahawa, kahawa na Padre, Padre na kamba, na kufikia mchana kibao kilikuwa cheupe kuliko cheusi, nami sikujua chochote ambacho sikukijua asubuhi. Nikamwuliza Sista utando unaishia wapi.

"Ukichoka," alisema.

Sikujua kama alikuwa akitania. Masista wanapotania uso wao haubadiliki.

Siku nyingine niliweka kahawa katikati, na gunia likawa tawi dogo pembeni, dogo hata nusura nilisahau. Siku iliyofuata nikaweka kamba, na mambo yote yakageuka tena. Nikamwambia Sista kwamba kama kila kitu chaweza kukaa katikati, basi katikati hakuna maana yoyote. Alikuwa akishona. Akasema, "Huenda," akaendelea kushona. Nilirudi kwenye kibao changu nikiwa na hasira ya mtu aliyeshinda ubishi na asipate kitu.

Alinifundisha na mambo mengine. Alama isizidi kile ambacho jicho laweza kukibeba kwa mara moja. Mstari mnene unaonekana mbali, mwembamba unakufa njiani. Na mahali patupu napo pamechorwa. Hili la mwisho lilinitesa. Nilimwuliza mtu anachoraje mahali ambapo hakuchora. Aliweka kiganja chake juu ya kibao, akapuliza vumbi la chaki kukizunguka, akakiinua. Palibaki kiganja cheusi ambacho hakuna aliyekichora. Niliona mkono, kisha nikaona kisicho mkono, kisha tena mkono. Nilielewa kabisa. Kufikia wakati wa chakula nilikuwa nimekwisha kupoteza nilichokielewa.

Nilijaribu jogoo, akatoka kama jiko. Nilijaribu mlima, lakini mzungu wa chini naye alikuwa kwenye mlima huo huo. Padre alipendekeza msalaba. Sista akakataa kwa upole, akasema magunia hutupwa chini na kukanyagwa, na yeye hatachora msalaba wa kukanyagwa. Padre akaona aibu kidogo, akaondoka. Kahawa ilikuwa inakauka juani kwenye majamvi, na wakati wa kuteremsha mizigo ulikuwa ukikaribia.

Nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Bibi mzaa mama alikuwa amekaa mlangoni akianza kikapu kipya. Alikuwa amepishanisha vipande vya mwanzi mahali pamoja, na ncha zake zilitawanyika pande zote sakafuni. Nilisimama nikatazama. Ulikuwa utando. Mistari ilitoka katikati ikaenda kila upande, ila huu wa bibi haukuwa na fujo. Nilimpa shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nikamwuliza.

"Bibi, katikati kuna nini?"

"Katikati pa nini?"

"Pa kikapu."

Alivuta ukindu kwa meno. "Tundu," alisema, "usipokaza."

Nilicheka, yeye hakucheka. Hakuwa ametania, alikuwa amejibu. Nilikaa karibu naye mpaka kitako cha kikapu kikakamilika, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu utotoni bila kulifikiri. Kwetu njia zote ni za kupanda na kushuka. Mtu anayekuja kutoka juu huuoni uso wake, umefichwa na ukingo na majani, nawe uko chini yake. Unachokiona kwanza ni kitako cha mzigo aliojitwika kichwani. Kwa hiyo kila nyumba ilisuka kitako kwa namna yake, wengine kwa kupishanisha mbili mbili, wengine kwa kuacha duara dogo katikati, na mama akiwa mtoni aliweza kusema anayeshuka ni wa nyumba fulani kabla hata mtu huyo hajakohoa.

Nikarudi misheni mbio. Nilichora kitako cha kikapu cha bibi: duara dogo tupu, mbavu nene zikitoka kwake, na duara kubwa la kuzifunga. Lilikuwa kama gurudumu. Sista alilitazama kwa mbali, akasogea hadi ukutani akalitazama tena, akafumba jicho moja. Akasema linabebeka. Kisha akanitaka nifanye utando wa mwisho, na safari hii katikati akaandika mwenyewe: macho. Nani ataitazama alama hii?

Huo ulikuwa utando wa kwanza ulionijia bila taabu. Niliandika mama, bibi, mjomba. Wapagazi. Wanawake wa mtoni. Watoto wa kijiji cha chini, wachungaji, watu wa gulioni. Nilivuta mstari kwa kila jicho nililolijua, na macho yote hayo yalikuwa yakitazama juu. Wapagazi wetu walilaza gunia kichwani mdomo ukiwa nyuma, ili kamba ikifunguka kahawa isimwagike usoni, na kitako kikatangulia mbele. Basi alama iwe kitakoni.

"Kwa nini kitakoni?" Sista aliuliza.

"Ndipo watu wanapotazama, Sista."

Akafikiri. Akakubali.

Tulilifungua debe la mafuta ya taa, tukalinyoosha bati lake, tukalikata kwa patasi mpaka gurudumu likawa tundu. Rangi ilikuwa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Tulipiga chapa magunia yote ya ghala, yaliyojaa na yaliyokuwa tupu yakingoja misimu mingine, na kila nilipoliinua bati, gurudumu lilikuwa pale, likifanana na la kabla yake. Niliwaza kwamba pengine Sista hakudanganya juu ya ile mashine. Jumapili Padre akaitangaza kanisani kuwa ndiyo alama ya misheni.

Siku ya kuteremka nilipewa ruhusa kuandamana na mjomba, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaka kuona. Wapagazi walitutangulia, nasi tukashika njia ya mkato ili tuwasubiri chini, kivukoni. Walipotokea juu yetu kwenye kona, niliyaona magurudumu yangu yakishuka moja baada ya jingine kati ya migomba. Mwanamke mzee aliyekuwa akisugua chungu kwa mchanga aliinua kichwa. "Hao wa misheni," alisema, kama mtu anayesema jua limetoka, akarudi kwenye chungu chake.

Mjomba alikuwa amesikia. Akasema, "Mh."

Niliubeba huo mh mpaka Morogoro. Ulikuwa mwepesi kuliko kitu chochote nilichowahi kubeba.

Sikuwa nimewahi kufika stesheni. Nilitarajia mahali pa juu, sijui kwa nini. Lilikuwa jukwaa tambarare, refu, limejaa watu na vumbi la makaa, na hakuna mahali pa kusimama chini ya kitu chochote. Wapagazi walifika, wakatua mizigo. Kila mmoja aliliteremsha gunia lake, akalisimamisha, akalisukuma karibu na jingine. Mengine yalikuwa yamekwisha kusimama pale, ya mzungu wa mteremkoni. Yote yalisimama kwa safu, midomo juu. Nilitazama upande huu na upande ule. Gurudumu hata moja halikuonekana.

Karani wa mizigo alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, kalamu sikioni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, kisha akauliza ya misheni ni yapi.

"Yana alama," nilisema. "Iko chini."

"Chini ya nini?"

"Ya gunia. Kitakoni."

Alinitazama, akayatazama magunia. "Binti, hapa magunia yanakaa kitako kama watu wenye heshima zao. Ulitaka niyainue moja moja niyachungulie?"

Mbebaji mmoja akasema, "Bwana karani, ukichungulia, bisha hodi kwanza," na jukwaa zima likacheka. Nadhani hata mjomba alicheka kidogo, kwa pua.

Sikuweza kuvumilia. Nilishika gunia lililokuwa karibu, nikaligeuza, mdomo chini na kitako juu, ili waone. Na waliona. Gurudumu lilikuwa pale, jeusi, zuri, likitazama mbinguni. Halafu kamba ya mdomo ikaachia chini ya uzito, na kahawa ikaanza kumwagika, ikatiririka jukwaani hadi kwenye vyuma vya reli. Nilipiga magoti nikaanza kuikusanya kwa mikono. Mjomba naye akapiga magoti. Alitandaza shuka lake, akachota kahawa pamoja nami, huku treni ikipiga honi na karani akiwaamuru watu wapakie yote kwa pamoja, ya misheni na ya mzungu, wenyewe watajuana huko mbele.

Njiani kurudi sikujua nianzie wapi. Kichwani nilikuwa na ule utando wa macho, kila mstari mahali pake, na sikuona nilipokosea. Macho yote niliyoyaandika yalikuwa ya kweli. Nilipoona mlima umeanza kutubana, nikasema.

"Mjomba, lakini njiani waliijua."

"Waliijua," alisema. Alikuwa akitembea mbele, hakugeuka. "Na stesheni hawakuijua. Tulipatana stesheni."

Sista alijaribu. Alimwambia Padre kwamba bati lipo, rangi ipo, msimu ujao tutapiga chapa ubavuni na mambo yatakuwa sawa. Padre akasema neno ni neno, na kwamba magunia yaliyokwisha kupigwa chapa yatatumika hivyo hivyo mpaka yachakae, maana hakuna wa kuyatupa. Nilipokwenda kumuaga Sista nilimwuliza swali moja tu. Yeye alikuja kwetu kwa treni. Alishuka kwenye jukwaa lile lile, aliyaona magunia yakisimama. Ilikuwaje hakuniambia?

"Nilikuwa nikitazama utando wako, mwanangu," alisema. "Ulionekana umekamilika."

Sijui mpaka leo kama hilo lilikuwa jibu.

Niliwekwa ndani baada ya mavuno. Yanayofundishwa humo hayasemwi, nami sitayasema. Naweza kusema tu kwamba kulikuwa na giza na jivu, na kwamba kwenye jivu kidole huandika vizuri kuliko chaki kwenye kibao. Nilichora utando. Nilijaribu kuweka stesheni katikati, kisha karani, kisha mjomba akiwa amepiga magoti na shuka lake. Kila mara matawi yalibadilika, na kila mara nilifikiri nimefika, kisha nikaona mstari mwingine ukidai kuvutwa. Bibi, ambaye ndiye aliyeniletea chakula, aliyafuta yote kwa mguu kila alipoingia. Hakufanya kwa ubaya. Alihitaji mahali pa kuweka chungu.

Nilitolewa kwa ngoma, nikaolewa, vita vikaja, Wadachi wakaondoka. Ile shule ya pwani sikuiona. Kusoma kwenyewe nilikumalizia nikiwa mtu mzima, nikawa mwalimu wa watoto wadogo, na utando niliwafundisha pia, ingawa waliponiuliza unaishia wapi niliwajibu kama nilivyojibiwa.

Kisha mwaka mmoja nilitumwa Dar es Salaam kuchukua vibao vya shule kwenye ghala la bandarini. Mtunza ghala alinipitisha kati ya mizigo, na ghafla nikasimama. Mle ndani magunia hayakuwa yamesimamishwa. Yalikuwa yamelazwa, moja juu ya jingine kama matofali, midomo imeelekea ndani, na mbele yangu palikuwa na ukuta mzima wa vitako, kutoka sakafuni hadi darini. Mtunza ghala akaniuliza nimepoteza nini. Nikachora gurudumu kwa kidole kwenye vumbi la kasha.

Aliinama, akacheka, akasema alikuwa kijana wa kubeba mizigo mle mle wakati wa Wadachi. Kila shamba lenye chapa liliipiga ubavuni, ikafunikwa mara tu magunia yalipopangwa, na meli ikifika iliwabidi waangushe rundo zima kutafuta ya mtu mmoja. Kwa kahawa yote iliyoshuka kutoka milima yetu miaka ile, alisema, ya gurudumu ndiyo pekee waliyoijua bila kubomoa kitu.